Afande wa Mdomo wa Duara

Siku hizi watu hunijia dukani na barua zao. Duka langu liko nje kidogo ya mji wa Geita, kwenye njia ya kwenda kwa wachimbaji wadogo. Nauza gamboti, kamba, nyundo na tochi za kichwani, na nyuma uani nauza matimba, yale magogo ya kuzuia kuta za shimo zisibomoke. Anaingia mtu mzima, amesimama wima hata kama ana mkongojo, ananisalimia kama anaripoti, kisha anatoa bahasha. Askari mstaafu. Mmoja hakuwa na mkono wa kulia. Mwingine sikio moja lilikuwa limekufa na la pili linasikia likipenda. Wamesikia kwamba kuna mama Geita anawatafutia kazi askari walioumia. Sina ofisi wala shirika. Nina mdomo na wateja ninaowafahamu. Bahasha naiweka kando kwanza, nauliza: jeshini ulikuwa unafanya nini hasa, siku ya kawaida, tangu asubuhi mpaka jioni? Wengi hushangaa, kwa sababu wamezoea kuulizwa waliumia wapi.

Swali hilo sikuzaliwa nalo. Nilifundishwa na shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, na alinifundisha kwa kunikasirisha. Namshukuru mpaka leo, ingawa siku zile ningekuwa na mwiko mkononi ningempiga nao.

Shemeji alikwenda misheni ya kulinda amani nje ya nchi akiwa na miguu miwili, akarudi na mmoja. Wa kushoto ulikatwa chini ya goti. Jeshini walimtibu vizuri, wakampa mguu wa bandia, wakamstaafisha kwa heshima zote. Akarudi nyumbani kwake Ibadakuli, pale Shinyanga, kwa mkewe na watoto watatu. Nilipokwenda kuwatazama nililala kwao siku mbili. Saa kumi na mbili asubuhi nilimkuta barazani, shati limepigwa pasi, viatu vyote viwili vimepakwa rangi, pamoja na kile cha mguu wa bandia. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema, "Popote, shemeji." Saa nne alikuwa bado pale pale, ameshika redio iliyozimwa.

Mkewe aliniita jikoni. "Dada, mtafutie kazi," akasema. "Si njaa, pensheni ipo. Ni yeye mwenyewe. Kila saa ananiuliza kama kuna kitu kimeharibika akitengeneze. Jana ameng'oa mlango wa choo akaufunga upya. Haukuwa na ubovu wowote."

Kazi alikuwa ameshapata mbili, na zote zilimshinda, ndivyo ukoo ulivyosema. Ya kwanza ilikuwa ulinzi katika kiwanda cha kuchambua pamba huko Kishapu, ya pili ulinzi wa ghala mjini Shinyanga. Kwa askari aliyeumia watu hawana mawazo mengine: mpe kirungu, mkalishe getini. Kote kuwili aliambiwa mzee wewe pumzika tu, vijana watazunguka. Alipumzika wiki mbili, akarudisha kirungu. Alipumzika tena mwezi, akarudisha tena. Basi kikakaliwa kikao cha ukoo, na uamuzi ukawa huu: ikishindikana mara ya tatu, arudi Kishapu kwa kaka yao mkubwa, akae kwenye boma, ale na kulala, mke na watoto wabaki mjini kwa sababu ya shule. Yote yalisemwa kwa upendo, na mbuzi alichinjwa. Shemeji aliitikia kila neno. Tulipotoka nje akaniambia kwa sauti ya chini, "Nikiingia boma lile, shemeji, sitoki tena. Nitakuwa kama ng'ombe mzee ambaye watu wanamwonea huruma kumchinja."

Mimi na yeye tuna utani wetu, na sikutaka kulia mbele ya wakwe. Nikamwambia, "Basi twende Geita. Mguu mmoja nauli nusu." Alicheka, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu arudi.

Geita mteja wangu mkubwa wakati ule alikuwa mwenye duara moja, mtu wa Kigoma, mpole, mswalihina. Duara ndilo shimo la dhahabu, na matimba yote ya duara lake aliyanunua kwangu. Nilimwambia nina shemeji yangu, askari mstaafu, mtu wa nidhamu, ana ulemavu wa mguu. Aliuliza swali moja tu. "Mguu umekwenda vitani?" Nilijua haukwenda vitani. Ulikwenda chini ya lori lililopinduka, na zaidi ya hapo shemeji hakuwahi kumsimulia mtu, hata mkewe. Lakini nilimwona yule bwana macho yalivyomng'aa, na mimi ni mfanyabiashara. Nikasema, "Vitani, ndugu yangu. Wapi tena?" Akasema aje kesho.

Sikuuliza ni kazi gani. Nilikuwa na haraka ya kupiga simu Shinyanga. Mkewe alilia kwa furaha kwenye simu, nami nikalia dukani mbele ya wateja. Jumapili nilitoa sadaka ya shukrani na kusimama mbele ya kanisa kueleza sababu, kwa urefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Cheo chake kilikuwa msimamizi wa mdomo wa duara. Alipewa kiti cha plastiki chenye mikono na mwavuli mkubwa, na kila asubuhi aliletewa chai ya maziwa na chapati. Wachimbaji walimwita Afande. Kabla ya kushuka, kila mmoja alimwamkia shikamoo, akamgusa goti la kushoto, ndipo akashika kamba. Nilipoona kwa macho yangu siku nilipopeleka bidhaa, nilifurahi nikajisemea tazama heshima hiyo. Wiki ya pili duara likatema, yaani mawe yakaanza kutoka na dhahabu ya kueleweka, na furaha ikawa ya mtaa mzima. Shemeji alikuwa akirudi jioni kwenye chumba nilichompa uani, anaoga, anakula kidogo, haongei. Nilidhani ni uchovu wa kazi.

Asubuhi moja akaja dukani mama anayemiliki duara la jirani. Alinunua glovu jozi moja, halafu hakuondoka. Akazunguka, akashika kamba, akaiacha. Mwishowe akasema, "Dada, naomba unisemee. Niazimwe Afande wiki moja tu."

"Uazimwe Afande kwa kazi gani?"

"Akae mdomoni. Duara langu lina miezi halijatema. Wanasema mtu aliyeacha mguu vitani damu yake imeshalipwa, ardhi haimdai tena. Akikaa pale, shimo haliui mtu na dhahabu haikimbii."

Alisema bila aibu wala ubaya, kama mtu anavyoomba kuazima dume la ng'ombe. Kwetu Usukumani dume zuri la jirani huazimwa hivyo hivyo, linakaa zizini kwako msimu mmoja, kisha unalirudisha kwa shukrani. Nilimwambia duka limefungwa. Ilikuwa saa tatu asubuhi na mlango uko wazi, lakini alielewa, akaondoka. Mimi nikakaa juu ya robota la kamba na kuvielewa vyote kwa mkupuo: kiti, mwavuli, chapati, na mikono ile kwenye goti. Walimwajiri kwa ajili ya mguu usiokuwepo, na aliyewauzia huo mguu ni mimi.

Siku tatu nilinyamaza, jambo ambalo wanaonifahamu hawataliamini. Nilijiambia analipwa, anaheshimiwa, yuko mjini, na ni wangapi hapa duniani wanaofanya kazi wanayoipenda? Ukweli ni kwamba niliogopa boma la Kishapu, labda kuliko alivyoliogopa yeye. Jumapili mchana nilikuwa nachemsha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, uani, yeye anakaza mpini wa sufuria yangu, na maneno yakanitoka yenyewe. Nikamweleza yote, mpaka lile la kuazimwa. Hakuinua kichwa.

"Najua," akasema. "Tangu wiki ya pili."

"Na ukaendelea kwenda?"

"Ulikuwa umefurahi sana, shemeji."

Akaweka sufuria chini. "Hilo la kunigusa goti ningelivumilia," akasema. "Watu wana imani zao. Tatizo ni matimba." Ndipo nikasikia kwa mara ya kwanza kazi aliyoifanya jeshini miaka yote ile, mimi niliyemfahamu tangu harusi yangu. Alikuwa mhandisi medani: kujenga madaraja ya magogo, kuchimba mahandaki na kuyazuia yasibomoke. Wiki ya kwanza tu, Ijumaa wachimbaji walipokwenda kuswali na wengine kupumzika, alishuka ngazi polepole na nyundo, akagonga matimba moja moja. "Timba zima ukiligonga linalia," akasema. "Upande wa mashariki yapo mabubu. Nimewaambia mara tatu. Wanacheka vizuri tu, kwa adabu. Wananiambia, Afande, ukiwepo wewe hakuna kitakachoanguka. Zamani walikuwa wanabadilisha matimba kila baada ya mvua kubwa. Tangu nije hawajabadilisha hata moja. Unanielewa? Kabla yangu walikuwa wanaogopa."

Michembe iliungua, nikaiacha iungue.

Nikapata wazo, na nililiona la akili sana. Kesho usiende, nikamwambia. Bila wewe hawatashuka, na mwenye duara atakuja hapa mbio, tutampa masharti yetu. Akakubali nusu: kweli hatakwenda, kwa sababu hakutaka mtu ashuke tena kwa kumtegemea yeye. Kuhusu masharti hakusema neno. Na kweli, Jumatatu saa tatu mwenye duara alikuwa kaunta, jasho linamtoka. "Vijana wamekaa juu, mama. Hawashuki. Afande anaumwa?" Nikajiweka sawa, nikaanza kumweleza kwamba Afande ni mtu mkubwa, na mtu mkubwa ana taratibu zake. Shemeji akatokea mlango wa nyuma. "Shemeji," akasema, "nyamaza kidogo." Mbele ya mteja. Kisha akamgeukia yule bwana. "Naomba nizungumze na wachimbaji wote kwa pamoja. Nikimaliza, ukiamua kunifukuza nitaelewa."

Nilijua atakachosema. Nilimvuta shati mpaka nyuma ya rafu za gamboti. "Ukiwaambia habari ya lori, kazi imekwisha. Unarudi Kishapu." Akasema, "Najua." Nilimwita mjinga, nikamwita na mengine ambayo mwanamke wa umri wangu hayaandiki. Akaondoka na mwenye duara. Nami nikafunga duka, nikapanda bodaboda, nikawafuata huku bado natukana kimoyomoyo.

Walikuwepo watu kama ishirini, wamekaa chini kuzunguka shimo. Walipomwona wakasimama, mmoja akakivuta kiti karibu. Hakukaa. Alisimama kando ya kiti na kusema kwa sentensi fupi, kama wanavyosema jeshini.

"Mguu wangu haukwenda vitani. Tulikuwa tunapeleka magogo ya kujengea daraja. Mimi ndiye nilikuwa mkaguzi wa mzigo. Vigingi vya kuzuia magogo vilikuwa sita. Niligonga viwili, vikalia vizuri. Nikasaini vyote sita, maana tulikuwa na haraka. Kimoja kilikuwa bubu. Kilivunjika tukiwa tunapanda kilima, mzigo ukahama, lori likapinduka. Dereva alifariki. Alikuwa na mtoto mchanga hajamwona."

Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa ule mwavuli, sijui niliushika saa ngapi.

"Kwa hiyo hakuna damu iliyolipwa. Nikikaa kwenye kiti hiki simzuii mtu yeyote kufa. Lakini nikigonga timba, najua. Hicho ndicho nilichobaki nacho."

Wahenga wamesema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nimemsaidia kuficha, tena nikapiga na chapuo. Nilimtazama mwenye duara. Alikuwa anatazama chini. Nilikuwa tayari nawaza basi la Shinyanga linaondoka saa ngapi.

Mchimbaji mmoja, mkubwa kwa umri kuliko wenzake, Msukuma wa vijijini kabisa, alivua tochi yake kichwani. "Bhabha," akamwambia, kwa ile heshima ya kumwita mtu baba, "hayo mabubu yako wapi?"

Mwezi mzima alikuwa pale, na hilo ndilo swali la kwanza la kazi aliloulizwa. Sijui wengine waliona nini usoni mwake. Mimi nilimwona mdogo wa mume wangu, yule aliyekuwa akija likizo na sare, anacheka na ulimwengu. Alivaa tochi ya yule mzee, akachukua nyundo na chaki, akaanza kushuka ngazi. Yule mzee alitangulia chini yake, na kila hatua akakishika kiatu cha mguu wa bandia kwa mkono na kukiweka kwenye kipago. Walikaa chini zaidi ya saa nzima. Nilisali sala zote ninazozijua, na mwenye duara pembeni yangu akasoma za kwake.

Walipopanda, alikuwa ameweka alama kwenye matimba kumi na manne. Moja la upande wa mashariki lilivutwa juu kwa kamba. Lilipotupwa chini lilipasuka, na ndani mlikuwa na unga mtupu. Mwenye duara akaushika, akausugua kati ya vidole, akasema, "Alhamdulillahi," kwa sauti ambayo karibu haikusikika. Duara likafungwa siku nne. Vijana wawili walihama kwenda kwingine, wakidai bahati imeharibiwa kwa maneno. Siwalaumu. Waliobaki hawakushuka tena kabla Afande hajagonga, na baada ya miezi michache hata yule mama wa duara la jirani alikuja kumwomba, safari hii akiwa na nyundo yake mkononi. Sasa ana maduara sita anayoyazungukia kwa bodaboda. Mkewe na watoto walihamia Geita shule zilipofungwa, na Kishapu anakwenda sikukuu, anakaa siku tatu, anaaga.

Nawashukuru wote hao. Namshukuru yule mzee kwa swali lake, na mwenye duara kwa kukubali kupoteza siku nne. Lakini jambo la kushukuru kuliko yote lilinipata Alhamisi ya wiki ile ile, na sikulipokea kwa adabu.

Walikuja na pikapu kuchukua matimba mapya. Mwenye duara alibaki mbele kunywa soda. Shemeji akanisalimia, "Mwangaluka, mama," kama mteja yeyote, akapita moja kwa moja mpaka uani na nyundo yake. Nikasikia anagonga. Nilipomfuata alikuwa ameshachora misalaba ya chaki kwenye magogo yangu. Matano, sita, saba. Wateja wawili walikuwa wamesimama wanatazama.

"Unafanya nini?"

"Haya hayafai."

"Shemeji, unaniharibia biashara. Mbele ya watu. Chumba unacholala ni cha nani?" Niliyasema hayo kwa mdomo wangu huu.

Alitoa kisu, akabandua ganda la mkaratusi mmoja, akanionyesha. Chini ya ganda kulikuwa na maji, na vijitundu vyenye vumbi jeupe. "Yamekatwa mabichi," akasema polepole, ili wale wawili wasisikie. "Yakarundikwa na maganda yake. Kwa nje ni mazuri. Hata anayekuuzia labda hajui."

Hasira ikaanza kunishuka, na mahali pake pakaingia baridi. Duara lile halikununua matimba popote pengine.

"Na yale ya mashariki?" nikauliza.

"Yalitoka hapa."

Alijua tangu wiki ya kwanza. Alikula ugali wangu mezani kwangu akijua, na siku ile alipowaeleza watu ishirini makosa yake yote hakugusa langu hata kwa herufi moja. Niliketi juu ya rundo. Wale ishirini nawafahamu, wananunua kwangu glovu na betri, mmoja ana deni la gamboti analolikwepa kila siku kwa utani mpya. Nikasema asante. Nikaona haitoshi, nikarudia tena, kwa nguvu zaidi.

Alikuwa ameshainamia gogo la nane, nyundo mkononi, sikio karibu na mti.

"Ngoja kwanza, shemeji," akasema. "Nasikiliza."